Jinsi ya kuikagua kampuni ya safari za kikundi za bei nafuu kabla ya kuilipa: mwongozo kwa wanaoondokea Arusha

Kila inapokaribia Pasaka, Sabasaba au likizo ya Desemba, maswali huwa ni yaleyale. Je, kampuni hii ipo kweli? Mbona hawa wanatoza nusu ya bei ya wale, ilhali wote wanasema wanakwenda Ngorongoro? Nimeambiwa nafasi zimebaki mbili na nitume kishika nafasi kwenye namba ya simu, nitume? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujiunga na safari ya kikundi inayoondokea Arusha, au mweka hazina wa kikoba, kwaya au idara ya kazini aliyekabidhiwa fedha za wenzake. Anayepanda Mlima Kilimanjaro kutokea Moshi atafaidika na hatua nyingi zilizomo humu, ingawa mlima una mambo yake ya wapagazi na vifaa ambayo sikuyagusa.

Bei nafuu peke yake si dalili ya utapeli. Zipo kampuni ndogo mjini hapa, zenye chumba kimoja cha ofisi na gari moja, zinazofanya kazi kwa uaminifu kuliko baadhi ya zile zenye mabango makubwa. Kinachopaswa kukutia shaka ni bei isiyoweza kugharamia kile kilichoahidiwa, pamoja na mwenye kampuni asiyekubali kuandika yale anayoyasema kwa mdomo.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa, si jina la ukurasa wake wa Instagram.
- Nakala au picha inayosomeka ya leseni yake ya utalii.
- Ratiba na bei kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp.
- Simu yenye bando, kalamu na karatasi ya kupigia hesabu.
- Siku chache za nafasi kabla ya tarehe ya kulipa. Ukaguzi unaofanywa usiku wa kuamkia safari haukufai kitu, kwa sababu hata ukigundua kasoro utakuwa umekwishajifunga.

Hatua ya 1: Lihakiki jina BRELA

Ingia mtandaoni kwenye mfumo wa usajili wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, na ulitafute jina hilo. Utafutaji huo uko wazi kwa kila mtu. Linganisha herufi kwa herufi. Majina ya kampuni za utalii hufanana sana, kwa kuwa kila mmoja anataka neno Serengeti, Kilimanjaro au Safari liwemo, na matapeli hutumia mfanano huo kujificha nyuma ya kampuni yenye sifa nzuri kwa kuongeza au kupunguza neno moja. Ukilikosa jina, mwombe mhusika akutumie namba ya usajili. Mwenye kampuni halali anayo, na haimchukui muda kuitafuta.

Hatua ya 2: Isome leseni ya utalii, usiitazame tu

Kampuni kuwa imesajiliwa BRELA hakumaanishi kwamba imeruhusiwa kusafirisha watalii. Kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, biashara hii inahitaji leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo wenye kampuni wengi bado wanaiita TALA. Leseni ya kawaida ya biashara inayotolewa na halmashauri haichukui nafasi yake, ingawa ndiyo ambayo wasio na TALA hupenda kuitundika ukutani.

Soma mambo matatu: jina la mwenye leseni, tarehe ya kuisha muda wake, na aina ya shughuli iliyoruhusiwa. Leseni za utalii zina makundi, na leseni iliyotolewa kwa shughuli moja haimfanyi mtu awe na ruhusa ya shughuli nyingine. Ukiambiwa kwamba leseni ipo lakini ni ya kampuni rafiki, basi unayepaswa kumkagua na kumlipa ni huyo rafiki.

Uanachama wa TATO, chama cha mawakala wa utalii chenye makao yake hapa Arusha, ni jambo la kuongezea imani. Si sharti la kisheria, kwa hiyo usiikatae kampuni kwa sababu tu haimo. Lakini kampuni inayojitangaza kuwa ni mwanachama na isionekane kwenye orodha ya chama imekwisha kukudanganya kabla hujapanda gari.

Hatua ya 3: Nenda ofisini, na ikiwezekana uione safari ya wenzako ikiondoka

Ofisi ndogo ghorofani mitaa ya Goliondoi au nyumbani kwa mtu kule Njiro si kasoro. Kasoro ni kutokuwepo kwa mahali popote pa kumkuta mhusika isipokuwa mgahawani au karibu na Mnara wa Saa, ambako madalali wa safari huwasubiri wageni. Dalali anaweza kukupeleka kwenye kampuni nzuri, lakini yeye si kampuni, na fedha haipaswi kupita mkononi mwake.

Ukifika, usianze kwa kuuliza bei. Uliza safari yao inayofuata inaondoka lini na saa ngapi, kisha uombe kuja kuitazama. Ombi hili huwashangaza wengi, lakini asubuhi moja ya kusimama pembeni ya kituo cha mafuta watakapokusanyikia itakufundisha zaidi ya picha mia za simba aliyelala juu ya boneti. Utaona kama gari limefika kwa wakati, kama watu wanatosha kwenye viti au wanabanana, kama chakula kimepakiwa, na kama kuna mtu mwenye orodha ya majina mkononi. Utawasikia pia abiria: ukimsikia mmoja akisema, "Kaka, mbona tuliambiwa tutakuwa sita?" umepata jibu lako bila kumuuliza mtu. Kampuni ambayo haina safari ya karibu inaweza kukupa namba za wateja wa mwezi uliopita, kwa idhini yao. Isiyoweza kufanya lolote kati ya hayo mawili huenda ndiyo kwanza inaanza, na hapo wewe ndiwe utakayekuwa mteja wa majaribio.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya siku nzima

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye majibu mengi. Usilinganishe bei ya kampuni hii na ya ile kabla hujailinganisha bei yenyewe na gharama zake.

Chukua mfano wa safari ya siku moja ya kushuka kreta ya Ngorongoro. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu; weka za wakati wako. Bango linasema shilingi 80,000 kwa mtu, gari la watu 6, kila kitu kimejumuishwa. Makusanyo ni shilingi 480,000. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ndani ya kreta, ni takriban kilomita 400. Land Cruiser iliyopakia itatumia kama lita 65, na kwa shilingi 3,000 kwa lita hiyo ni 195,000. Tuseme kukodi gari pamoja na dereva ni 250,000. Hadi hapo umefika 445,000, na zimebaki 35,000. Hazijalipwa bado viingilio vya watu sita, kiingilio cha gari, ada ya kushuka kreta ambayo hutozwa kwa gari, chakula, wala faida ya mwenye kampuni. Hesabu haifungi.

Bei hiyohiyo ya 80,000 inaweza kufunga vizuri kabisa kama watu 25 watapanda Kosta moja, kwani makusanyo yatakuwa milioni 2. Lakini magari yanayoruhusiwa kushuka kreta ni ya 4x4, kwa hiyo kikundi cha Kosta, kama hakikubadilishiwa magari huko juu, kitaishia kwenye kituo cha kutazamia kilichopo ukingoni, kipige picha na kurudi. Hiyo si safari mbaya kwa anayejua alichokinunua. Asiyejua ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo swali la kuuliza si "Mnakwenda Ngorongoro?" bali "Tunashuka kreta, kwa gari gani, na ada ya kushuka imo kwenye bei?"

Katika hesabu yako zingatia pia yafuatayo:

Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni vidogo mno kuliko vya wageni wanaolipa kwa dola. Orodha zake hutolewa na TANAPA kwa hifadhi za taifa kama Tarangire, Manyara, Arusha na Serengeti, na na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kwa eneo lake. Soma kama bei zilizoandikwa zimejumuisha VAT ya asilimia 18 au bado. Ukiwa na shemeji kutoka Ulaya kwenye kikundi, gharama yake ihesabiwe peke yake, la sivyo mtagombana langoni. Raia naye abebe kitambulisho cha Taifa au pasipoti, kwa kuwa bei ya raia humhitaji athibitishe kuwa ni raia.

Safari ya Serengeti kutokea Arusha kwa njia ya kawaida hupita ndani ya Ngorongoro, na kupita huko hulipiwa hata kama hamtashuka kreta. Mkipita tena siku nyingine wakati wa kurudi, mtalipa tena, kwani kibali ni cha saa 24. Nimeona ankara nyingi za bei nafuu zisizotaja malipo haya hata kidogo. Hudaiwa kwa abiria wakiwa tayari wamefika Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, ambako hakuna anayeweza kukataa.

Hatua ya 5: Ipime ratiba kwa saa

Ratiba isiyowezekana ni dalili kwamba aliyeiandika hajawahi kuongoza safari hiyo. Kutoka Arusha hadi lango la Loduare ni kama saa tatu, kwa kuwa barabara inapita Kisongo, Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, mahali ambapo mwendo ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wapo. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Safari ya siku moja inayoondoka mjini saa 3 asubuhi itakufikisha langoni karibu na adhuhuri, nawe utakuwa umelipia siku nzima ili uone kreta kwa saa chache. Ukiona bango la kwenda Serengeti na kurudi Arusha siku hiyohiyo, liache. Seronera iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na sehemu kubwa ya njia baada ya Loduare ni ya vumbi.

Hatua ya 6: Likague gari kwa namba zake

Omba namba ya gari litakalotumika. Kampuni nyingi ndogo hukodi magari ya wengine, hasa msimu wa sikukuu, na hilo si kosa ilimradi lisemwe. Ukiipata namba, tazama kwanza rangi ya kibao: gari la biashara lina kibao cheupe, na la binafsi lina cha njano. Gari la kibao cha njano likibeba abiria wanaolipa halikusajiliwa kwa biashara hiyo, na ajali ikitokea mnaweza kujikuta mkibishana na kampuni ya bima.

Bima yenyewe unaweza kuihakiki mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kuingiza namba ya gari. Uliza pia kama ni bima kubwa na kama inawahusu abiria. Kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa makosa ya barabarani, namba hiyohiyo itakuonyesha kama gari lina faini ambazo hazijalipwa. Gari lenye mlolongo wa faini za mwendo kasi linakueleza kuhusu dereva wake kuliko atakavyokueleza yeye mwenyewe.

Ukiliona gari kwa macho, pitisha kidole kwenye mifereji ya tairi, uvute kila mkanda wa kiti hadi mwisho, na uombe kuonyeshwa tairi la akiba na jeki. Mkanda uliobanwa nyuma ya kiti au kukatwa huwa haujatumiwa kwa muda mrefu, na gari la namna hiyo husema mengi kuhusu matengenezo mengine usiyoweza kuyaona.

Hatua ya 7: Yasome maoni ya wateja kuanzia katikati

Maoni ya nyota tano yaliyoandikwa wiki moja, kwa maneno yanayofanana, na watu wasiowahi kuandika chochote kingine, yapuuze. Anza na ya nyota tatu: huwa yanataja gari lililochelewa au chakula kilichokuwa kidogo, na yanakuonyesha kampuni ilijibu nini. Kampuni iliyoomba radhi na kueleza ilivyorekebisha ina thamani kuliko isiyo na lalamiko hata moja.

Hatua ya 8: Pata maandishi, ndipo ulipe

Omba ankara kifani (proforma) yenye jina la kampuni, TIN, tarehe ya safari, aina ya gari na idadi ya juu ya abiria, vilivyojumuishwa na visivyojumuishwa, pamoja na kitakachotokea kikundi kisipotimia. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chanzo cha ugomvi mwingi wa safari za kujiunga. Kuna kampuni zinazoahirisha, kuna zinazorudisha fedha, na kuna zinazokuunganisha na kampuni nyingine usiyoifahamu. Yote yanaweza kukubalika yakiandikwa mapema.

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki ya kampuni au Lipa Namba yake. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu itakuonyesha jina la mpokeaji. Likiwa ni jina la mtu na si la kampuni, sitisha. Maelezo kwamba "hiyo ni namba ya mhasibu wetu, dada, usiwe na wasiwasi" yasikutoe kwenye msimamo. Lipa sehemu tu ya fedha kama kishika nafasi, salio ulipe siku ya kuondoka au karibu na hapo, na udai risiti ya EFD kwa kila malipo. Risiti hiyo unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TRA, na ya bandia hugundulika papo hapo.

Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si kwa noti langoni. Kwa hiyo, siku moja kabla ya safari, ni haki yako kuomba uthibitisho kwamba namba hiyo imetolewa na kulipiwa kwa idadi yenu. Kwa mweka hazina wa kikundi, huo ndio uthibitisho bora kuliko yote, kwa sababu aliyekwisha kuilipa serikali hana sababu ya kuingia mitini.

Makosa yanayojirudia

Kulipa kwa sababu umeambiwa nafasi zinaisha ni kosa la kwanza. Kosa la pili ni kumwamini mtu kwa kuwa mnatoka kijiji kimoja au mnasali pamoja. Mhakiki naye, kwani mwaminifu hataona tabu. Kingine ni kukagua kampuni vizuri mwaka jana na kuilipa mwaka huu bila kutazama kama leseni bado ina muda.

Mambo yakienda kombo

*Gari lililokuja si lile mliloahidiwa.* Msipande kwanza. Pigeni picha ya gari na kibao chake, mhakiki bima papo hapo, kisha mkubaliane kwa maandishi ya WhatsApp kama kuna punguzo. Mkishapanda, hoja yenu inapungua nguvu.

*Mnadaiwa fedha ya ziada langoni.* Mwombe dereva aonyeshe namba ya malipo na kiasi kilicholipwa. Kama kuna pengo la kweli na mnataka kuendelea, ni afadhali kiasi hicho kilipwe moja kwa moja kwa namba ya serikali kuliko kumpa dereva mkononi, kisha mkidai kampuni mkirudi mkiwa na risiti.

*Kampuni imeahirisha mara ya pili.* Dai fedha kwa barua au barua pepe ukitaja tarehe ya mwisho ya kurejeshewa. Usikubali kuhamishiwa safari ya tatu bila maandishi mapya.

*Simu haipokelewi baada ya kulipa.* Wapigie mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wako au benki, kwa kuwa muamala ambao fedha yake haijatolewa una nafuu ya kuzuiwa. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma viripoti kwa 15040. Kisha nenda Kituo cha Polisi cha Utalii na Diplomasia hapa Arusha ukiwa na ankara, uthibitisho wa muamala na mazungumzo yote uliyoyahifadhi. Usifute chochote, hata ujumbe wa sauti. Kama kampuni ina leseni, peleka pia malalamiko Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye mamlaka juu ya leseni hiyo, na TATO kama ni mwanachama. Kama haina leseni, litaje hilo kwenye maelezo yako ya polisi, kwa sababu kuendesha biashara ya utalii bila leseni ni kosa linalojitegemea, mbali na fedha zako.